Kilichowaka kifuani mwa ami

Bahasha ya majibu ya picha ya mionzi aliyopigwa ami niliifungulia stesheni ya Syokimau, Nairobi, nimesimama, begi lake begani, kama dakika arobaini kabla ya treni ya Mombasa kuondoka. Hakuna aliyenituma. Tulikuwa tumeambiwa wazi: majibu mpelekeeni daktari aliyewaandikia kipimo, yeye ndiye atakayewasomea. Lakini ami alikuwa ameenda msalani na bahasha ilikuwa mkononi mwangu, nikaona heri nijue mimi kabla yake.

Kurasa mbili. Macho yaliruka aya nzima za vipimo yakatua kwenye mstari mmoja: kivimbe cha pafu la kulia, sehemu ya juu, sentimita 2.3, kimewaka sana, kinatiliwa shaka kubwa ya saratani. Chini yake kidogo: tezi za katikati ya kifua, kulia na kushoto, nazo zimewaka.

Sikusoma zaidi. Nikarudisha karatasi ndani, nikatoa simu, nikaandika kwenye grupu la ukoo: "Ni kansa. Imeshasambaa. Mwombeeni."

Ami akarudi akifuta mikono kwa leso, akaniuliza kama nimenunua maji ya safari.

Ule ujumbe wa maneno manne umenikalia rohoni wiki nyingi sasa. Ungekuwa uongo mtupu ningeomba msamaha yakaisha. Ila nusu yake ilikuwa kweli na nusu yake haikuwa, na siku ile pale stesheni hapakuwa na mtu duniani, hata aliyeipiga ile picha, ambaye angeweza kusema nusu ipi ni ipi.

Miezi minne

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu baba. Ana miaka 64. Alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na sigara alivuta tangu ujanani hadi siku aliyozaliwa mjukuu wake wa kwanza, akaziacha siku hiyohiyo. Katika watoto wa nyumba ile mimi ndimi niliyebaki Mombasa, kwa hiyo safari za hospitali huwa zangu.

Kikohozi kilianza kama vikohozi vyote. Makohozi yakapimwa TB mara mbili, hakuna kitu. Akapewa dawa, akapewa nyingine. Eksirei ikaonyesha doa. CT, picha ya eksirei inayoukata mwili vipande vipande, ikaonyesha kwamba doa lile lina kingo za miiba miiba, kama jua analolichora mtoto.

Daktari wa mapafu, mama mmoja wa maneno machache, aliipandisha ile picha kwenye kioo na kutueleza kwamba inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa TB iliyojificha, inaweza kuwa kovu la zamani. Miiba ilimtia wasiwasi. Sigara pia. "Naweza kukisia," akasema, "lakini kifua hakipasuliwi kwa kukisia. Nataka kwanza kujua mambo mawili: hiki kitu kinafanya kazi kiasi gani, na je, kiko peke yake?"

Hapo ndipo nilipolisikia neno PET, picha ya mwili inayopigwa kwa dawa yenye mionzi, kwa mara ya kwanza likihusu mtu wetu.

Zamani kidogo tu, neno hilo lilimaanisha India. Wenye uwezo walipanda ndege, wasio na uwezo walibaki na CT na dua. Mwaka 2018 hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ikaleta mashine yake pamoja na mtambo wa kutengenezea dawa yake, na baadaye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikawa na kituo chake. Sitasema sisi tulipimwa wapi. Ukoo ulichanga, binamu yangu wa South C akatupa chumba, tukapanda treni.

Dawa isiyongoja

Mara ya kwanza tulirudi mikono mitupu.

Ami alikuwa amefunga tangu usiku. Tulifika saa moja asubuhi, tukakuta watu sita wameshaketi, mmoja ametoka Eldoret, mwingine alikuwa amelala njiani kutoka Garissa. Saa nne akatoka kijana mmoja aliyevaa koti jeupe, akasimama katikati ya chumba na kusema kwamba dawa ya leo haikupita kwenye ukaguzi wa ubora, wameimwaga, hakuna atakayepimwa.

Nilimkasirikia sana. Nilimwuliza kwa sauti ambayo ami aliniambia baadaye haikuwa ya adabu: kwa nini hamweki akiba ya jana?

Kijana hakukasirika. Akaketi karibu yangu, akanieleza, na mpaka leo namshukuru, maana alichoniambia ndicho kilichonifungulia mambo yote yaliyofuata.

Dawa yenyewe ni sukari. Ni glukosi iliyobadilishwa kidogo, ikafungwa chembe ya florini-18, aina ya florini inayotoa mionzi. Florini hiyo haichimbwi wala haihifadhiwi. Inatengenezwa alfajiri ndani ya mtambo uitwao saiklotroni, kwa kuyapiga maji maalumu kwa protoni zinazokimbia kwa kasi kubwa. Na tangu inapozaliwa inaanza kufa: kila dakika 110 nusu ya nguvu yake imekwisha. Iliyotengenezwa saa kumi na moja alfajiri, ikifika jioni imebaki masalio. Ya jana ni maji.

"Hapa hatuna ghala," kijana aliniambia. "Tuna saa tu."

Usiku ule, nimelala sakafuni kwa binamu, nikasoma kwenye simu jinsi ilivyoanza. Mwaka 1976 sukari ya kwanza ya aina hii kuwahi kudungwa mwanadamu ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, huko New York, ikakimbizwa kwa ndege hadi Philadelphia. Huko Abass Alavi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa wakiisubiri na watu wawili wazima waliojitolea. Nikawaza rubani anavyobeba kitu kinachopungua kila dakika anayokaa angani. Ami naye alikuwa macho.

"Kesho watatutaka tena na njaa?" akauliza gizani.

"Ndiyo, ami."

"Basi kesho usigombane na vijana wa watu."

Chumba cha kimya

Siku iliyofuata dawa ilipita.

Maandalizi yake yalikuwa yameshamtesa mtu wa pwani. Chakula cha jioni kilikuwa mayai na nyama bila wanga wowote, hapana mahamri, hapana mbaazi za nazi, hapana wali, na chai ni kavu bila sukari. Siku nzima iliyotangulia asifanye kazi ya nguvu, maana misuli iliyochoka hunyonya sukari na kuichafua picha. Saa sita za kufunga kabla ya sindano. Asubuhi wakamchoma kidole kupima sukari ya damu kwa sababu ami ana kisukari. Mashine ndogo ikasoma 9.4. Muuguzi akashusha pumzi, nami nikashusha. Ingepita 11 wangeahirisha: damu ikijaa sukari ya kawaida, ile ya mionzi hukosa nafasi ya kuingia.

Sindano ililetwa ndani ya kijisanduku kizito cha risasi. Aliyeileta alitembea haraka, akaidunga kwa utulivu, akatoka haraka vilevile. Ami akautazama mkono wake kana kwamba ungebadilika rangi.

Kisha wakamwingiza kwenye chumba kidogo chenye kiti cha kuegemea, taa hafifu, blanketi mbili. Saa nzima. Asizungumze, asisome, asichezee simu, asitafune chochote. Asisikie baridi pia, maana mwili unaotetemeka unakula sukari. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilimwona kupitia kioo kidogo cha mlango, blanketi hadi kidevuni, macho yamefumbwa, midomo inacheza kidogo tu. Nilijua anafanya nini. Nilitamani kumwambia hata tasbihi aisome moyoni asije akawasha midomo yake kwenye picha, kisha nikaona haya.

Picha yenyewe ilichukua kama dakika ishirini. Akatoka akaambiwa anywe maji mengi, na kwamba kwa saa kadhaa asipakate mtoto wala asikae karibu na mjamzito.

Binamu yangu ana kitoto cha miezi minane. Ami alikaa roshani peke yake mpaka baada ya Isha, anakipungia mkono kupitia dirishani, na kitoto kinalia kwa kutomwelewa babu.

Dema

Baadaye aliniuliza mle ndani wameona nini hasa, na mimi nikajaribu kumweleza kwa mambo anayoyajua.

Nikamwambia, ami, fikiria dema. Samaki anaingia kwa mlango mwembamba kufuata chambo, na akishaingia hatoki. Seli za mwili zote zina njaa ya sukari. Sukari hii iliyobadilishwa inaingia ndani ya seli kama sukari nyingine yoyote, inafungwa kwa ile hatua ya kwanza ya usagaji, kisha inakwama. Haiwezi kusagwa zaidi, na haiwezi kutoka. Baada ya saa moja, seli yenye njaa zaidi ndiyo yenye dema lililojaa zaidi.

Halafu florini inatoa mionzi yake. Chembe ndogo inatoka, inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, na pale zilipokuwa inatoka miale miwili inayokimbia, kila mmoja upande wake. Mashine imemzunguka mgonjwa kama pete. Ikipokea miale miwili kwa wakati mmoja kutoka pande zinazotazamana, inajua kuwa asili yake iko mahali fulani kwenye mstari kati yao. Ikikusanya mamilioni ya mistari hiyo, inapata ramani ya njaa ya mwili mzima.

Ramani ya njaa. Haina zaidi ya hapo.

Ubongo wa ami uliwaka, kwa sababu ubongo haushibi. Moyo uliwaka kidogo. Kibofu kiliwaka kama taa ya mnara, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Hakuna aliyesema ana saratani ya ubongo au ya kibofu.

Tangu miaka ya 1920, alipoandika Mjerumani Otto Warburg, inajulikana kwamba seli za saratani hufakamia sukari kuliko jirani zao. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa. Lakini si wao peke yao. Bakteria ya TB ikishajikita kwenye pafu au kwenye tezi, mwili huizingira kwa seli za ulinzi, na askari wale nao wana njaa. Wanakula sukari usiku na mchana. Kwenye picha wanawaka. Wanawaka sana, wakati mwingine kuliko saratani yenyewe.

Hili nililijua baada ya ule ujumbe wangu. Mwaka 2014 jarida la udaktari la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kipimo hiki kwa watu wenye vivimbe vya mapafu. Kukigundua kivimbe cha saratani kiliweza vizuri, karibu asilimia 89. Tatizo lilikuwa kukiachilia kivimbe kisicho na hatia. Pale ambapo maambukizi ya mapafu ni haba, kilifanikiwa kwa asilimia 77. Pale yanapotapakaa, ikashuka hadi 61.

Ichukue hiyo ya mwisho polepole. Kati ya watu 100 wa kwetu wenye kivimbe ambacho si saratani, 39 watawaka kama wenye saratani.

Na "pale yanapotapakaa" ni hapa. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mashine ni ileile ya Boston au Amsterdam, lakini kifua kinacholala ndani yake kimepita kwenye matatu, kwenye nyumba za chumba kimoja, kwenye vyumba vya mapumziko vya bandarini ambako watu thelathini hukohoa pamoja.

Matanga ya mtu aliye hai

Tulifika Mombasa usiku. Kesho yake asubuhi, shangazi zangu wawili walikuwa wameshafika nyumbani kwa ami, wameketi na mkewe, wote kimya. Mtu alikuwa ameleta mchele. Kufikia Ijumaa watu waliongezeka. Jirani mmoja aliyekuwa na deni la ami tangu enzi za bandarini alikuja akashika mikono yake miwili, akalia, akamwomba amwie radhi.

Ami hakuwa amejua bado. Mimi nilikuwa nimewaambia wote isipokuwa yeye.

Jirani alipoondoka akaniita kibarazani. Hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "nani kawaambia watu hawa mimi nakufa?"

Nikamwambia.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama daktari ameshaisoma ile karatasi. Nikasema bado, miadi ni Jumatano. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, na kwa siku zilizobaki alikuwa akiwapokea wageni mwenyewe mlangoni, kanzu imepigwa pasi, akiwashukuru kwa kuja.

Siku hizo nilimwona akikonda. Nikajiambia ni ugonjwa. Sasa nadhani alikuwa hali kwa sababu kila aliyemletea sahani alimtazama akila kama mtu anayeangalia mara ya mwisho.

Mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili

Jumatano daktari aliisoma karatasi yote. Niliyaona macho yake yakifika mahali ambapo yangu hayakufika.

Mstari wa mwisho ulisema: bado huenda ni uvimbe wa seli za ulinzi, kama wa TB, inashauriwa kuthibitisha kwa kipande cha nyama.

Ulikuwepo tangu Syokimau. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi zilezile, wino uleule.

Akageuza kompyuta tuione. Mwili wa ami wa kijivu ukawa unazunguka polepole, na ndani yake madoa ya rangi ya chungwa. Akagusa kile cha pafu kwa kalamu. Namba ya mng'aro wake, ile wanayoiita SUV, ilikuwa 6.8. Kisha akashuka kwenye tezi.

"Hizi ndizo zinazoamua," akasema. "Kivimbe hiki kikiwa saratani na tezi hizi za upande wa pili zikiwa saratani pia, hii ni hatua ya tatu na mlango wa upasuaji umefungwa. Kikiwa saratani na tezi si saratani, hii ni hatua ya kwanza. Anapasuliwa na huenda akapona. Picha ni ileile."

Akatuonyesha kitu ambacho nisingekiona kamwe. Tezi za kulia na za kushoto zilikuwa zinafanana. Ukubwa wake ulikaribiana, mng'aro wake ulikaribiana, kama masikio mawili. Saratani ya pafu la kulia, alisema, huwa haina adabu hiyo. Hupanda upande wake kwanza, hujaza huku kabla ya kuvuka kule. Ulinganifu ulimfanya ashuku kitu kingine. Lakini kushuku nako hakukumtosha.

Nikauliza kwa nini basi tulikwenda mpaka Nairobi, kama picha haijibu.

Alinitazama kwa muda. Akasema picha imeshamjibu maswali mawili. Kwanza, ini, mifupa na tezi za juu ya figo ni safi, kwa hiyo hatuhangaiki huko. Pili, imemwonyesha pa kupeleka sindano. Kanuni yake ni kwamba unaanza na mahali ambapo jibu baya lingebadilisha mambo zaidi, na hapo ni zile tezi za kushoto.

Uholanzi waliwahi kulipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uligawa wagonjwa 188 wenye saratani ya mapafu au waliodhaniwa kuwa nayo, nusu wakapimwa njia za kawaida, nusu wakaongezewa PET. Upasuaji uliokuja kuonekana haukuwa na faida ulishuka kutoka asilimia 41 hadi 21. Mtu mmoja kati ya watano aliepushwa na kufunguliwa kifua bure. Sitaki mtu asome makala hii adhani nasema msiende. Nendeni. Ila kipimo kile kilifanya kazi hiyo mikononi mwa watu walioendelea mbele kuuliza, hawakuishia kwenye rangi.

Kipande cha nyama

Kipasuo kilikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa, urefu wa kidole gumba, juu tu ya mfupa wa kidari. Wakapitisha kamera nyembamba kuelekea katikati ya kifua, wakakata vipande vya tezi pande zote mbili. Siku nyingine sindano ndefu ikaingia mbavuni ikiongozwa na CT hadi kwenye kivimbe. Tulikuwa tumeonywa kwamba pafu linaweza kuvuja hewa. Halikuvuja.

Kisha tukangoja siku kumi na tisa.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hasira yangu ya kweli iko hapa. Kwa ajili ya picha, ukoo mzima ulichanga kwa siku tatu. Kila mtu aliielewa mashine, mashine ina ukubwa, ina jina, iko Nairobi. Kwa ajili ya vile vipande vya nyama ndani ya vichupa, nilipiga simu watu walewale na wengi wakaniuliza: si imeshaonekana? Ya nini tena? Nikaelewa kwamba wanarudia maneno yangu mwenyewe. Na wataalamu wa kusoma nyama ile kwa hadubini ni wachache mno, kichupa kinasafiri, kinapanga foleni, kinasubiri rangi. Tunasherehekea mashine zinapofunguliwa kwa utepe. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya hadubini.

Majibu yakaja mawili, siku moja.

Tezi: hakuna seli ya saratani hata moja, kulia wala kushoto. Vinundu vya ulinzi vyenye katikati iliyooza, na kipimo cha vijidudu kikaikuta TB.

Kivimbe: saratani. Adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani ya mapafu.

Ami alikuwa na vyote viwili.

Daktari alirudia mara mbili kwa sababu sikumwelewa. Taa mbili za aina mbili, zimewaka kwa rangi moja, katika kifua kimoja. Ile ya pafu ilikuwa ndicho nilichoandika. Ile ya tezi haikuwa. "Ni kansa" ilikuwa kweli. "Imeshasambaa" haikuwa kweli, na neno hilo moja ndilo lililokuwa tofauti kati ya mtu wa kuagwa na mtu wa kutibiwa. Sentimita 2.3, tezi safi, mwili safi: hatua ya kwanza.

Ami akauliza swali moja. "Kwa hiyo hii TB ndiyo iliyonifanya nionekane maiti?"

"Kwenye picha, ndiyo, mzee wangu."

"Na inatibika?"

"Kwa miezi sita ya vidonge."

Akaangua kicheko ambacho kiligeuka kikohozi.

Kinachoniamsha usiku

Nimeshasikia habari nyingi za upande wa pili wa hadithi hii. Watu waliokohoa, eksirei ikaonyesha doa, wakapewa vidonge vya TB kwa sababu huku kwetu kila doa ni TB, wakavimeza miezi mingi, na saratani ikakua taratibu nyuma ya vidonge. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu alikuwepo mmoja. Hiyo ndiyo ajali tuliyoizoea, na ndiyo sababu watu walifurahia mashine mpya: angalau sasa tutaona.

Sasa tunaona, na nahofia tumebeba ajali ileile tukaigeuza uso. Jana kila doa lilikuwa TB, leo kila kinachowaka ni saratani iliyosambaa. Ni watu wangapi wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na bahasha kama yangu, wakaisoma wenyewe stesheni, wakaenda kufungasha badala ya kwenda kwa daktari? Mtu wa namna hiyo hahesabiki popote. Akifa, atakuwa amekufa kwa kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi.

Nami sikuwa na ubaya. Hilo nalo linanitisha. Nilitaka ukoo ujue, nilitaka dua, nilitaka nisilibebe peke yangu mpaka Mombasa. Nilikuwa na karatasi yenye kweli yote ndani yake, ikiwa ni pamoja na shaka, na nikachukua nusu nikaacha shaka ndani ya bahasha.

Niliandika tena kwenye grupu. Nilieleza yote, kirefu, na kuomba radhi. Baadhi walijibu alhamdulillahi. Shangazi mkubwa alinipigia akaniuliza sasa mchele urudishwe au vipi. Nikamwambia upikwe.

Ngazi

Daktari wa upasuaji hataki kumgusa kabla vidonge vya TB havijafanya kazi kwa wiki kadhaa. Wiki iliyopita alitupeleka kipimo kingine cha mionzi, hiki hapahapa Mombasa. Safari hii si sukari, ni chembechembe za protini zilizofungwa teknishiamu, ambayo nusu yake hupotea kwa saa sita. Zinadungwa mshipani, zinanasa kwenye vishipa vyembamba vya mapafu, na kamera inahesabu kila upande unapokea damu kiasi gani. Kabla ya kuondoa sehemu ya juu ya pafu la kulia la mtu aliyevuta sigara miaka mingi, wanataka kujua kitakachobaki kitamtosha.

Majibu yake ami aliyapokea mwenyewe. Aliiweka bahasha kwenye mapaja yake njia nzima kwenye matatu, haijafunguliwa, mpaka tukaketi mbele ya daktari.

Kitamtosha, kama atajizoeza. Aliambiwa apande ngazi kila siku, ahesabu.

Nyumba yao ni ghorofa ya tatu, ngazi 51. Anameza vidonge vya TB baada ya Alfajiri, anangoja kidogo, kisha anashuka. Mimi husimama chini mlangoni nikimsubiri, halafu tunapanda pamoja, yeye mbele, mkono mmoja kwenye ukuta. Mwanzo alisimama kupumzika kwenye ya 17. Jana alifika ya 44 ndipo akasimama, akageuka kunitazama, akihema.

"Nimehesabu sawa?"

"Sawa, ami. Arobaini na nne."

"Hesabu na wewe," akasema. "Usinisikilize mimi tu."